Bakuli Lililorudi Safi

Muuguzi alimtundika mtoto kwenye mzani kwa mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini alichokisoma. Anande alining'inia ndani ya kile kikaptula cha kitambaa wanachovalishwa watoto wote wa kliniki, akazunguka taratibu upande mmoja, akarudi upande wa pili, bila kulia. Kutolia huko ndiko kulikomtisha bibi yake, Kaanaeli. Watoto wengine wote mle ndani walikuwa wakipiga kelele za watu walioshiba na kuudhiwa.

"Huyu hajaongezeka," muuguzi alisema. "Amepungua."

Hakupaza sauti, lakini chumba kilikuwa kidogo. Benchi zima la akina mama likageuka.

"Ananyonya?"

"Ananyonya," alijibu Naisiae, mama wa mtoto.

"Maziwa yanatoka?"

"Yanatoka."

"Yanatoka, au unadhani yanatoka?"

Naisiae aliinamia viatu vyake. Muuguzi akamkagua kuanzia mashavuni, palipobonyea, hadi kwenye mifupa ya shingo iliyochomoza juu ya blauzi. Kisha akamgeukia mwanamke mtu mzima aliyeshika mfuko wa nepi.

"Wewe ndiye bibi?"

"Ndiye. Mama wa baba yake."

"Na ndiye unayemlea mzazi?"

"Ndiye."

"Unampa nini, bibi?"

Kaanaeli alizaliwa Machame na kuzeekea huko, na kwao mwanamke anayelea mzazi hupimwa kwa mzazi mwenyewe. Mzazi akitoka ndani amenawiri, shingo imejaa na ngozi inang'aa, sifa ni za mleaji. Akitoka amekonda, hakuna anayesumbuka kuuliza habari za homa au za usingizi. Huulizwa tu nyama ilikwenda wapi.

"Mtori," alisema. "Asubuhi mtori, mchana mtori, jioni mtori na maziwa."

"Mtori wa nyama?"

Mwanamke mmoja kwenye benchi aliguna.

"Wa nyama," alisema Kaanaeli, akajisikia akijitetea kama mtu aliyeshikwa mkono mfukoni mwa mwenzake.

"Basi ongeza, bibi. Mkirudi wiki ijayo mtoto bado hivi, tutamlaza."

Walirudi nyumbani Engutoto. Njia nzima Kaanaeli hakumwuliza Naisiae kitu. Alikuwa akilitafakari lile guno.

 

Alikuwa amekuja Arusha mtoto alipozaliwa, na vitu vitatu alivyoviamini: mkungu wa ndizi mshare, mwiko wa kupondea, na bakuli la bati lenye kifuniko na maua mekundu ambalo yeye mwenyewe alilishiwa uzazi wa mwanawe Abdiel. Ndizi za nyumbani zilipokwisha, alinunua kwa mama mmoja wa Akheri aliyemkatia zilizokomaa sawasawa. Alichemsha nyama mpaka ikaachana na mfupa, akaichambua nyuzi nyuzi, akaiponda pamoja na ndizi mpaka vyote vikawa kitu kimoja kizito, laini, cha kunyweka. Hapo ndipo penye ugumu wa mtori. Uliopikwa vizuri hauonyeshi nyama. Mwenye kutaka kujua kama nyama ipo hana budi kuonja.

Naisiae alipenda kulia chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Kaanaeli aliona ni haya ya mke wa mwana mbele ya mama mkwe, akaiheshimu. Baada ya muda bakuli lilirudi tupu, tena limeoshwa. Jambo hilo lilimgusa. Alikuwa amewasimulia kwa simu wenzake wa jumuiya kule Machame kwamba binti wa Kiarusha aliyeolewa na mwanawe huosha bakuli lake mwenyewe akiwa bado yuko ndani ya uzazi, na wenzake walisema Abdiel amepata mtu.

Kwa hiyo hesabu haikukubali. Chakula kilikuwa kinaingia na mtu alikuwa anatoweka. Kaanaeli aliwaza minyoo, aliwaza homa ya matumbo, akaomba hadi magoti yakauma. Hakuziwazia hata mara moja zile chupa zilizokuwa ndani ya friji.

Zilikuwa chupa ndogo za plastiki, nyingine za kijani, nyingine nyekundu kama damu ya kuku, kila moja na kijikaratasi cha kuonyesha zamu yake ya kunywewa. Zilitengenezwa na Princess, rafiki wa Naisiae tangu chuo, nyumbani kwake Daraja Mbili. Princess alikuja na miwani ya jua juu ya nywele, akamkumbatia Naisiae, akamwita "mrembo wangu," akaacha harufu ya tangawizi sebuleni.

"Ni vitamini, mama," Naisiae alikuwa amemweleza. "Za mboga na matunda. Zinasafisha mwili."

Vitamini lilikuwa neno la hospitali, na Kaanaeli hakubishana na hospitali. Alisogeza sufuria ya maziwa ili chupa zipate nafasi. Siku moja aliyaonja mabaki ya kijani kwenye glasi. Yalikuwa na ladha ya majani ambayo hata ng'ombe angeyafikiria kwanza.

Jioni ya siku ile ya kliniki Abdiel alirudi kutoka kazini na mfuko wa nyama. Alikuwa mhasibu wa kampuni moja ya kupeleka watalii mbugani, mtu wa shati lililopigwa pasi hata Jumapili. Aliuweka mfuko mezani, akabaki amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyama ya nini tena? Ya juzi bado ipo."

"Nimeona niongeze tu." Aliitazama sufuria. "Utaipika yote?"

"Abdiel."

"Nauliza tu, mama. Naisiae amenieleza ya kliniki. Labda unabana kidogo bila kujua. Siyo kosa. Umezoea. Ulitulea kwa kubana."

Kaanaeli alichukua kisu, akakiangalia, akakirudisha mezani.

"Nililibana tumbo langu," alisema. "La kwenu sikulibana."

"Sijasema vibaya, mama."

"Hapana. Umesema vizuri kabisa. Nimekusikia."

Hata hivyo Abdiel hakuondoka. Alisimama palepale, mikono kifuani, mpaka kipande cha mwisho kikaingia kwenye sufuria. Baada ya hapo alifungua friji kutafuta maji, akazisogeza chupa za kijani kwa uangalifu, akanywa, akaenda kuoga.

 

Jumamosi mama yake Naisiae alikuja. Nashipae alishuka kutoka juu ya Ngaramtoni, upande wa machweo wa Mlima Meru, pamoja na dada zake wawili, wote watatu na shuka zao mabegani na viatu vya kanisani miguuni. Lesian, mlinzi wa nyumba, aliwafungulia geti. Walibeba kindoo cha mafuta ya kondoo yaliyochujwa kwa ajili ya mzazi.

"Habari za kulea, Mama Abdiel?"

"Nzuri, mama. Karibuni. Kaeni, tafadhali."

"Tutakaa. Kwanza nimtazame mwanangu."

Naisiae alikuwa kwenye kochi, amejifunika kitenge ingawa hakukuwa na baridi. Nashipae alimshika kifundo cha mkono, akakizungushia kidole gumba na cha kati. Vidole vilikutana, na nafasi ikabaki. Aliwaonyesha dada zake nafasi hiyo bila kusema kitu. Dada mmoja akamchukua mtoto, akampima kwa kumwinua juu kidogo, akampakata haraka kama aliyeinua kitu na kukikuta chepesi kuliko alivyojiandaa.

"Niliwapa msichana mwenye mikono," Nashipae alisema. "Mikono iko wapi?"

"Mama, usianze," alisema Naisiae.

"Sijaanza. Nauliza. Kwetu mzazi huchinjiwa kondoo, akanywa supu, akanywa mafuta, mpaka mawifi wamwonee wivu. Nikaambiwa nisihangaike, Wachaga wanajua mtori kuliko watu wote duniani. Nikakaa nyumbani nimetulia. Ningejua, ningekuja na kondoo mzima."

"Anakula, mama," Kaanaeli alisema. "Mara tatu kwa siku. Bakuli linarudi tupu. Mwulize mwenyewe."

"Naisiae, unakula?"

"Nakula."

Kaanaeli alisubiri neno la pili, neno lolote, la kumtoa mahali alipokuwa amesimama. Naisiae alijifunika zaidi kitenge chake. Abdiel, aliyekuwa ameketi na simu mkononi, aliona ni wajibu wake kutuliza mambo.

"Mama mkwe, msiwe na wasiwasi," alisema. "Tumeshaongeza nyama."

"Mmeongeza," Nashipae alirudia. "Kumbe ilikuwa imepungua."

Kaanaeli alimtazama mwanawe. Mwanawe aliitazama simu.

Wakati huo Lesian aliingia na kile kindoo, kwa kuwa kilikuwa kimesahaulika getini. Alikuwa kijana mrefu aliyekuja kuanza kazi akiwa kama ufito, na sasa alikuwa na mashavu. Alimwinamishia Nashipae kichwa ili amguse kama desturi yao inavyotaka. Wakaulizana habari za kwao kwa Kimaa, lugha yao. Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri na alijua kwamba mgeni hufurahi kusikia mwenyeji wake akisifiwa, akageukia Kiswahili ili wote waelewe.

"Mama, hapa mwanao yupo kwa watu wa Mungu. Huyu bibi sijaona mfano wake. Mimi ni mlinzi tu, lakini ananitumia mtori kila siku. Asubuhi, mchana, jioni. Mwenyewe namwombea."

"Mtori gani?" Kaanaeli aliuliza.

"Wako, bibi. Ule wa kwenye bakuli la maua mekundu." Lesian alitabasamu. "Ndiyo maana huwa naliosha vizuri kabla ya kulirudisha dirishani. Nikasema, mtu mwema asirudishiwe chombo kichafu."

"Dirisha lipi?"

Hapo Lesian alianza kuhisi kwamba amesema jambo lisilo la kusemwa. Macho yake yalikwenda kwenye mlango wa chumba cha Naisiae, yakarudi haraka, yakatua sakafuni.

Kaanaeli alilifikiria dirisha la chumba kile. Aliliona lile bakuli likirudi mikononi mwake, asubuhi baada ya asubuhi, safi na kavu, na yeye akilipokea kwa shukrani. Lakini Nashipae hakuwa akilifikiria dirisha. Alikuwa amesikia yaliyomtosha.

"Mwanangu anakauka," alisema polepole, "mjukuu wangu anakauka, na mlinzi wa geti ananenepeshwa kwa mtori wa uzazi. Mama Abdiel, tulikukosea nini?"

"Sijamtumia," alisema Kaanaeli. "Sijawahi kumtumia. Naapa mbele ya Mungu."

"Na mashavu haya ameyaokota?"

"Mama, siyo yeye," Naisiae alisema. Alisimama ili kuimalizia sentensi. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alinyoosha mkono kutafuta mgongo wa kochi, mkono ukapita hewani, na akaanguka chini bila kujikinga, kama nguo iliyofyatuka kwenye kamba.

 

Daktari Elirehema, aliyempokea Naisiae hospitalini, alikuwa mwanamke wa makamo aliyezungumza kana kwamba kila neno lilitoka kwenye akiba inayokaribia kwisha. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka, alisema, na mwili ulikuwa umekaukiwa maji. Mtoto alikuwa amelazwa chumba cha pili, akipewa maziwa kwa kikombe kidogo, na aliyanywa kwa pupa ambayo muuguzi hakupenda kuitazama.

"Amekuwa akila nini?" daktari aliwauliza waliosimama kandokando ya kitanda.

"Juisi," alijibu Naisiae mwenyewe kutoka kitandani, sindano ya dripu mkononi.

"Juisi na nini?"

"Juisi."

Daktari aliacha kuandika.

"Kwa muda gani?"

"Ilikuwa iwe wiki moja. Nikaona inafanya kazi, nikaendelea."

Nashipae aliketi pembezoni mwa kitanda bila kukaribishwa. Alitazama usoni mwa binti yake, kisha usoni mwa Kaanaeli.

Ndipo Princess alipoingia. Alikuwa amepata habari, akaja mbio akiwa amebeba mfuko wenye chupa tatu za kijani, kwa nia njema kabisa. Hakuwa tapeli. Yeye mwenyewe alizinywa, alikuwa mwembamba, na aliona kwamba mambo hayo mawili yanatosha kuwa ushahidi.

"Pole, mrembo wangu. Usiogope, ndiyo mwili unavyofanya. Sumu zikitoka lazima mtu alegee kwanza."

"Sumu ipi?" daktari aliuliza.

"Samahani?"

"Sumu inayotoka. Inaitwaje?"

"Sumu tu, daktari. Za vyakula. Za mafuta. Zile zinazoganda mwilini."

"Nina maabara chini hapo. Nitajie moja, nipime."

Princess aliukumbatia mfuko wake.

"Mtu ana ini, na ana figo mbili," daktari aliendelea. "Kazi unayoisema ndiyo kazi ya viungo hivyo, vinaifanya usiku na mchana na havihitaji wiki maalumu. Juisi yako si sumu. Ni juisi. Umekamua mboga, ukatupa makapi, na huko kwenye makapi ndiko kulikobaki sehemu kubwa ya sababu ya kula mboga. Mtu mwenye afya akiinywa kwa siku mbili tatu atapata njaa, atapungua maji, kisha atakula na maji yatarudi. Hatakuwa msafi kuliko alivyokuwa. Lakini huyu ananyonyesha. Alitakiwa kula kwa ajili ya wawili, na alikuwa hali hata kwa ajili ya mmoja."

"Lakini watu wananiandikia shuhuda," Princess alisema kwa sauti ndogo.

"Wanaoweza kuandika, ndiyo."

Princess alitoka na mfuko wake. Mlangoni aligeuka kama mtu anayetaka kusema kitu kwa Naisiae, lakini Naisiae alikuwa amefumba macho.

"Kwa nini, mwanangu?" Nashipae aliuliza. "Nani alikuambia una uchafu?"

Naisiae alijibu bila kufumbua macho.

"Kila aliyeingia alinishika mkono, akanigeuza. Umenenepa, hujanenepa, mashavu yako wapi, tumbo litarudi lini. Kama ng'ombe wa mnadani, mama. Halafu tukawa tunaangalia picha za harusi, na Abdiel akauliza, huyu wa kwenye picha alikwenda wapi? Alikuwa anatania. Wote tulicheka. Ubatizo unakaribia, na gauni nimeshashonewa la vipimo vile vya zamani." Machozi yalitiririka kuelekea masikioni. "Mtori nilikuwa nausikia harufu tangu jikoni. Nilikuwa nalia, ndipo nampa Lesian. Nilimwambia ni bibi amekutumia. Nisamehe, mama."

Neno la mwisho lilielekezwa kwa Kaanaeli. Kaanaeli alilipokea kwa kuitikia kwa kichwa. Alikumbuka mlango uliofungwa na jinsi alivyouheshimu. Siku zote zile alilikagua bakuli. Aliyepelekewa mtori hakumkagua.

Abdiel alikuwa amekwisha kutoka nje. Mama yake alimkuta kwenye korido, karibu na bomba la kunawia mikono.

"Ulijua?"

"Nilijua anakunywa juisi." Hakumtazama. "Mimi ndiye niliyemlipia. Ilikuwa zawadi. Mama, nilidhani anakunywa na mtori anakula. Sikujua kwamba hali."

"Lakini juisi uliijua."

"Niliijua."

"Uliijua siku ile uliposimama mlangoni."

Abdiel alinyoosha kola ya shati lake.

"Zilikuwa mbele yako ndani ya friji, ukazisogeza kwa mkono wako. Kisha ukapima nyama yangu." Kaanaeli alizungumza kwa upole, kama anayejaribu kuelewa jambo lililosemwa kwa lugha ngeni. "Na leo mbele ya wakwe zangu umesema tumeongeza. Uliniona nimesimama pale. Neno moja tu lilitosha, Abdiel. Ungesema, kuna juisi anakunywa."

"Niliona aibu, mama. Wangesema mimi ndiye niliyemkondesha."

"Ndiyo," alisema Kaanaeli. "Kwa hiyo ukaona heri niwe mimi."

Maji ya bomba yalidondoka. Mwanamke mmoja alipita na beseni la nguo za mtoto, akawasalimia, na wote wawili wakaitikia vizuri.

 

Kesho yake Kaanaeli alipika mtori kama kawaida yake. Hakuongeza nyama wala hakupunguza. Aliumimina kwenye bakuli la maua mekundu, akalifunga kwa khanga, akampa Abdiel abebe. Abdiel alilibeba kutoka kwenye maegesho hadi wodini, akipita mbele ya watu waliokuwa wakila vya kwao, shati lake jeupe likipata doa la mvuke tumboni. Hakuambiwa lolote, na hakuuliza.

Nashipae alikuwa amelala hospitalini, kwenye kiti. Mtoto alikuwa amerudishwa kifuani mwa mama yake. Muuguzi aliwaeleza kwamba maziwa hayakuwa yameondoka kabisa, ila yangehitaji muda na chakula, na kwamba mtoto anyonyeshwe kila anapotaka, wakimwongezea kwa kikombe. Anande alinyonya, akaacha, akalia. Ilikuwa mara ya kwanza Kaanaeli kumsikia akilia kwa hasira, na alisimama kusikiliza.

Abdiel aliweka bakuli kwenye kimeza. Kaanaeli akafungua khanga, akainua kifuniko. Naisiae alinyoosha mkono, lakini mkono wa Nashipae ulitangulia.

Alichukua kijiko. Dada zake walikuwa wamefika na mablanketi. Abdiel alisogea hadi dirishani. Nashipae alichota mtori mpaka chini, pale panapotuama vitu vizito, akautia mdomoni, na hakuumeza upesi. Alitafuna, ingawa mtori hautafunwi. Alitafuna kama mtu anayesikiliza. Kijiko kilibaki hewani muda mrefu. Uso wake ulibadilika kidogo kuzunguka macho, kisha ukarudi ulivyokuwa.

Alimpa binti yake kijiko.

"Nyama ipo," alisema.

"Ilikuwepo," alisema Kaanaeli.

Naisiae alianza kula. Wote walimtazama, na hakuna aliyegeukia pembeni hadi kijiko kilipogonga bati. Alipomaliza, alinyoosha mkono aliweke bakuli chini ya kitanda, lisubiri kuoshwa.

"Nipe," Kaanaeli alisema. "Nataka nilione chafu."